Mapigo si Kazi: Ubora na Udhaifu wa Kichakataji cha Pentium 4 na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ubora na udhaifu wa Pentium 4, kichakataji cha tarakilishi ya mezani ambacho kampuni ya Intel ya Marekani ilikizindua tarehe 20 Novemba 2000 na kuendelea kukitoa kwa sura mbalimbali hadi mwaka 2008. Hoja kuu ni kwamba kichakataji hiki kilibuniwa kwa kufuata kipimo kimoja, yaani idadi ya mapigo ya saa, na kwamba sifa zake nzuri pamoja na kasoro zake zilitokana na uamuzi huo mmoja. Makala yanadai vilevile kwamba neno "kasi", jinsi tunavyolitumia kuelezea vichakataji, hurudia kosa lile lile la kuchanganya mapigo na kazi. Kutokana na hayo, tunapendekeza istilahi zitakazomsaidia msemaji wa Kiswahili kukihakiki chombo cha aina hii bila kupotoshwa na tangazo la muuzaji.

1.0 Utangulizi

Huenda msomaji wa jarida hili akajiuliza: mwanafunzi wa fasihi ana haja gani na vifaa vya tarakilishi? Swali hilo lina majibu mawili. Kwanza, Kiswahili kinafundishwa vyuoni kwa madai kwamba ni lugha inayoweza kuibeba taaluma yoyote ile. Dai hilo halithibitishwi kwa hotuba za makongamano pekee. Huthibitishwa kwa kukichukua kitu kigumu na kukieleza mpaka kieleweke. Pili, kazi ya mhakiki ni kupima. Mhakiki wa ushairi hufunzwa mapema kwamba shairi linaweza kuwa na mizani kamili na vina visivyo na doa, na bado likawa tupu kwa sababu halina muwala wala uzito wa maudhui. Mizani huhesabika kwa vidole, ilhali ubora wa shairi hauhesabiki kwa urahisi huo. Atakayelisifu shairi kwa hesabu ya mizani peke yake atakuwa amepima kilicho rahisi kupimwa, si kilicho na thamani.

Soko la tarakilishi mwanzoni mwa karne hii lilitumbukia katika mtego huo huo. Mnunuzi aliambiwa idadi ya megahezi au gigahezi, naye akaamini kwamba mashine yenye idadi kubwa ndiyo bora. Pentium 4 kilizaliwa katika imani hiyo, kikaikuza, na hatimaye kikaivunja. Ndiyo maana kinatufaa kama mfano: habari zake zimekamilika, mwanzo wake na mwisho wake vinajulikana, na kila kasoro yake inaweza kufuatwa hadi kwenye chanzo chake.

2.0 Istilahi zitakazotumika

Kabla ya kuingia katika uchambuzi, ni vyema tuafikiane kuhusu maneno. Nchini Kenya neno "tarakilishi" limezoeleka katika vitabu vya shule na vyuo, ilhali Tanzania "kompyuta" ndilo lenye nguvu. Makala haya yanatumia la kwanza bila kulipinga la pili. "Kichakataji" ni kile kipande kidogo cha silikoni kinachotekeleza maagizo ya programu. Jina lake limetokana na kitenzi "chakata", kitenzi kinachotumika pia tunapozungumzia uchakataji wa samaki au wa mazao: malighafi huingia upande mmoja, zao hutoka upande wa pili.

Istilahi ya pili ni "mapigo". Kila kichakataji huongozwa na saa ya umeme inayopiga kwa mfululizo usiobadilika, mithili ya mpiga ngoma anayewaongoza wapiga makasia. Kwa kila pigo, kazi husogea hatua moja. Gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Watu wengi huiita idadi hii "kasi ya kichakataji". Tutaonyesha baadaye kwamba jina hilo ndilo linaloleta utata.

Istilahi ya tatu ni "mpokezano". Agizo moja halitekelezwi kwa mkupuo mmoja. Huchukuliwa kutoka kumbukumbu, hufasiriwa, hutafutiwa data, hutekelezwa, kisha tokeo lake huhifadhiwa. Hatua hizi zimepangwa kwa safu, kila moja ikishughulikia agizo lake kisha kulisukuma mbele. Wapo wanaotafsiri dhana hii kwa neno "bomba". Tafsiri hiyo inafuata umbo la neno la kigeni wala haifuati maana yake, kwani ndani ya bomba maji hayabadiliki, lakini hapa kila hatua hukifanyia kitu kazi mpya. "Mpokezano", kutokana na kitenzi "pokezana", hulieleza jambo lenyewe.

Mwisho ni "kumbukumbu ya karibu", yaani ghala dogo lililomo ndani ya kichakataji lenye data inayohitajika mara kwa mara, ili kisilazimike kuifuata kila mara katika kumbukumbu kuu iliyo mbali.

3.0 Wazo lililokizaa kichakataji hiki

Pentium III, mtangulizi wake, kilikuwa na mpokezano wa takribani hatua 10 na kilifikia gigahezi 1 mwaka 2000. Wabunifu wa Pentium 4 waliurefusha mpokezano huo hadi hatua 20. Sababu yake ni rahisi kufahamika. Pigo la saa haliwezi kuwa fupi kuliko muda unaohitajika na hatua iliyo ndefu zaidi. Ukiikata kazi vipande vidogo zaidi, kila hatua huhitaji muda mchache, nayo saa huweza kupiga upesi zaidi.

Mfano wa mjengo utasaidia. Watu watano wanaopokezana matofali kutoka chini hadi kwa fundi ghorofani wanalazimika kila mmoja kutembea hatua kadhaa. Ukiwaweka watu kumi, kila mmoja hugeuka tu na kumkabidhi mwenzake. Matofali huanza kufika kwa fundi kwa mfuatano wa haraka. Tofali moja moja halijafika mapema zaidi. Pengine limechelewa, maana limepitia mikono mingi. Hata hivyo, idadi ya matofali yanayofika kwa dakika imeongezeka. Hiyo ndiyo faida ya mpokezano mrefu.

Matoleo ya kwanza, yenye transista milioni 42, yalitoka kwa gigahezi 1.4 na 1.5. Kufikia Agosti 2001 kichakataji kilikuwa kimefika gigahezi 2, na Novemba 2002 kikafika gigahezi 3.06. Usanifu wake, ulioitwa NetBurst, ulitarajiwa na kampuni kufikia hata gigahezi 10 katika miaka iliyokuwa inakuja. Kwa mtazamo wa tangazo, huo ulikuwa ushindi mkubwa: idadi iliyoandikwa kwenye boksi ilikuwa ikipanda kila baada ya miezi michache.

4.0 Ubora wake

Haitakuwa haki kukihukumu Pentium 4 kwa mwisho wake pekee. Kilikuwa na sifa halisi, na mhakiki mwadilifu hana budi kuzitaja kwa uzito wake.

4.1 Kazi zenye mtiririko mmoja. Kuna kazi ambazo data yake ni ndefu na maagizo yake hurudiwa bila mikengeuko mingi: kubana filamu na muziki, kuchora picha za pande tatu, kuchuja sauti. Katika kazi hizo mpokezano mrefu haukatizwi ovyo, na mapigo mengi huzaa kazi nyingi. Fauka ya hayo, kichakataji kilikuja na maagizo mapya 144 yaliyoitwa SSE2, yanayowezesha agizo moja kushughulikia vipande kadhaa vya data kwa pamoja. Maagizo hayo yaliigwa na washindani, nayo yangali ni sehemu ya msingi ya vichakataji vya tarakilishi za mezani vya Intel na AMD hadi leo.

4.2 Njia pana ya data. Njia iliyokiunganisha na kumbukumbu kuu iliweza kupitisha gigabaiti 3.2 kwa sekunde tangu toleo la kwanza, kiasi kilichokuwa mara tatu ya kile cha Pentium III. Mwaka 2003 uwezo wa njia hiyo uliongezwa maradufu.

4.3 Kujilinda dhidi ya joto. Kichakataji hiki kilikuwa na kipimajoto cha ndani kilichokipunguzia kazi chenyewe kila joto lilipozidi kiasi. Mwaka 2001 lilisambaa jaribio lililorekodiwa kwa video, ambamo bamba la kupozea liliondolewa huku tarakilishi ikifanya kazi. Pentium 4 kilipunguza mwendo lakini hakikufa. Kichakataji cha mshindani wake, Athlon cha kampuni ya AMD, kiliungua. Kwa mtu anayetunza mashine katika chumba chenye vumbi na feni zilizochakaa, sifa hii haikuwa ndogo.

4.4 Nyuzi mbili katika kiini kimoja. Toleo la gigahezi 3.06 lilileta mbinu ya Hyper-Threading, ambayo huwezesha kiini kimoja kufuata nyuzi mbili za maagizo kwa wakati mmoja. Uzi mmoja ukikwama ukingoja data, mwingine huzitumia nafasi zilizobaki wazi. Mbinu hii haikuongeza kasi katika kila programu, lakini mtumiaji alihisi mashine haigandi upesi alipofungua programu nyingi. Nayo imedumu: iliachwa kwa muda, ikarudishwa mwaka 2008, na ikaendelea kutumika katika vizazi vingi vilivyofuata.

4.5 Toleo la Northwood. Mnamo Januari 2002 ilitoka sura ya pili ya kichakataji hiki, yenye transista milioni 55 na kumbukumbu ya karibu ya kilobaiti 512, mara mbili ya ile ya awali. Hili ndilo toleo lililokomaa. Nyingi za kasoro za mwanzo zilipungua, na kwa kipindi cha kati ya mwaka 2002 na 2003 lilistahiki kuitwa miongoni mwa vichakataji bora vya mezani.

5.0 Udhaifu wake

5.1 Njia panda. Programu halisi hazitembei kwa mstari ulionyooka. Kila baada ya maagizo machache hujitokeza njia panda: ikiwa hali ni hii, fanya hili, la sivyo, fanya lile. Kichakataji hakiwezi kungoja mpaka jibu lipatikane, hivyo hubashiri njia na kuendelea. Kikibashiri vibaya, maagizo yote yaliyokwisha kuingia katika mpokezano hutupwa. Ni kama fundi aliye ghorofani apige ukelele kwamba alihitaji mawe, si matofali: kila kilichomo mikononi mwa watu kumi hurudishwa chini. Kadiri safu inavyokuwa ndefu ndivyo hasara inavyokuwa kubwa.

Tutoe mfano wa hesabu. Chukua vichakataji viwili vya kubuni. Cha kwanza kina hatua 10 na gigahezi 1. Cha pili kina hatua 20 na gigahezi 1.5. Vyote vimepewa maagizo 1,000, agizo moja kwa kila pigo, na vyote vimekosea njia panda mara 20. Cha kwanza kitahitaji mapigo 1,000 pamoja na 200 yaliyopotea, jumla 1,200, sawa na mikrosekunde 1.2. Cha pili kitahitaji 1,000 pamoja na 400, jumla 1,400, ambazo kwa mapigo yake ni mikrosekunde 0.93. Sasa tuongeze kwa kila kimoja mikrosekunde 0.3 za kungoja data kutoka kumbukumbu kuu, kwa maana kumbukumbu hiyo haijali kichakataji kinapiga mara ngapi. Cha kwanza kinamaliza kwa mikrosekunde 1.5, cha pili kwa 1.23. Mnunuzi aliyelipia ongezeko la asilimia 50 la mapigo amepata ongezeko la asilimia 22 hivi la kazi.

5.2 Kazi chache kwa kila pigo. Hesabu ya hapo juu imekipendelea Pentium 4, kwani imechukulia kwamba vichakataji vyote viwili hutekeleza kiasi sawa kwa kila pigo. Hali halisi ilikuwa mbaya zaidi. Ili saa ipige upesi, baadhi ya sehemu zilipunguzwa. Ghala la data la ngazi ya kwanza lilikuwa la kilobaiti 8 tu, nusu ya lile la Pentium III. Matokeo yake yalikuwa aibu: katika programu kadhaa za kawaida, Pentium 4 cha gigahezi 1.4 kilishindwa na Athlon cha gigahezi 1.2, na pengine hata na Pentium III cha gigahezi 1. Mjukuu alikuwa akihema kwa haraka kuliko babu, lakini jembe la babu lilimaliza ngwe mapema.

5.3 Gharama ya kumbukumbu. Mwanzoni kichakataji kilifungamanishwa na kumbukumbu ya aina ya RDRAM, iliyokuwa ghali kuliko aina zilizozoeleka. Mnunuzi alilipia kichakataji, kisha akalipia tena kumbukumbu. Hali hii ilianza kulegezwa Septemba 2001, kampuni iliporuhusu matumizi ya aina za bei nafuu.

5.4 Joto na umeme. Pentium III cha gigahezi 1 kilitoa joto la chini ya wati 30. Pentium 4 cha gigahezi 1.5 kilikaribia wati 55. Mnamo Februari 2004 likatoka toleo la Prescott, lenye transista milioni 125 na mpokezano ulioongezwa hadi hatua 31. Wabunifu walitarajia kwamba kupunguza ukubwa wa transista hadi nanomita 90 kungepunguza pia matumizi ya umeme. Kinyume chake, transista zilipokuwa ndogo kiasi hicho, umeme ulianza kuvuja hata pale ambapo hazikuwa na kazi. Toleo la gigahezi 3.8 lilikadiriwa kutoa joto la wati 115. Tena, kwa idadi ile ile ya mapigo, Prescott aghalabu hakikumshinda Northwood, na katika programu kadhaa kilimfuata nyuma, japo kilikuwa na kumbukumbu ya karibu iliyo maradufu. Mbio za sakafuni zilikuwa zimefika ukingoni.

5.5 Tiba ya ghali. Novemba 2003 kampuni ilitoa Pentium 4 Extreme Edition, kilichokusudiwa wale wasiojali bei. Kilikuwa cha gigahezi 3.2, kimeongezewa kumbukumbu ya karibu ya megabaiti 2, na kiliuzwa kwa bei iliyokaribia dola 1,000. Kilikuwa na nguvu, hapana shaka. Lakini miezi miwili kabla yake AMD ilikuwa imetoa Athlon 64 FX-51, chenye gigahezi 2.2 tu, kilichoshindana nacho bega kwa bega. Tofauti ya gigahezi nzima haikuonekana katika kazi.

6.0 Kuanguka kwa kipimo

Washindani walikuwa wameliona tatizo la kipimo mapema. Oktoba 2001, AMD iliacha kuviita vichakataji vyake kwa idadi ya mapigo. Athlon XP 1800+ kilikuwa na gigahezi 1.53 tu, idadi iliyo katika jina lake ilidai kueleza kazi, si mapigo. Wapo walioiona hatua hiyo kuwa ujanja wa kibiashara, nao hawakukosa hoja, kwa kuwa anayejipimia hujipimia vizuri. Hata hivyo mnunuzi wa kawaida aliambiwa waziwazi kwamba mapigo na kazi si kitu kimoja.

Oktoba 2004, Intel ilitangaza kwamba toleo la gigahezi 4 lililokuwa limeahidiwa halitatolewa. Mwezi huo huo, katika mkutano uliofanyika Orlando, Florida, mkurugenzi mkuu wa kampuni, Craig Barrett, alipiga goti jukwaani akiomba msamaha mbele ya hadhira. Ni nadra kwa mkuu wa kampuni ya ukubwa huo kufanya hivyo, hata kama ni nusu kwa mzaha.

Jibu la kiufundi lilikuja Julai 2006 kwa jina la Core 2 Duo. Mpokezano ulifupishwa hadi hatua 14, viini vikawa viwili, na mapigo yakapunguzwa. Toleo la gigahezi 1.86 lilikadiriwa kutoa joto la wati 65, na katika kazi nyingi liliwashinda watangulizi wenye zaidi ya gigahezi 3. Usanifu huo ulitokana na ule wa vichakataji vya tarakilishi za mapajani, uliobuniwa na kikundi cha wahandisi wa kampuni hiyo hiyo huko Haifa, Israeli. Wao walilazimika tangu mwanzo kujiuliza betri itadumu kwa muda gani, na swali hilo likawaepusha na ulevi wa mapigo.

Kesi haikuishia maabarani. Nchini Marekani baadhi ya wanunuzi wa mwanzo wa Pentium 4 walishtaki wakidai kwamba matokeo ya majaribio yalipangwa ili kichakataji kionekane bora kuliko kilivyokuwa. Mwaka 2014 yalifikiwa maafikiano ambapo mnunuzi aliyestahiki angeweza kudai dola 15. Kampuni haikukiri kosa.

7.0 Je, funzo lilishika?

Mtu anaweza kudhani kwamba habari hizi ni za kale. Hebu tutazame mfano wa karibu. Oktoba 2023 Intel ilitoa Core i9-14900K, kichakataji cha mezani cha daraja la juu chenye viini 24 na mapigo yanayofikia gigahezi 6. Nguvu zake hazikanushiki. Lakini ili kufika huko kiliruhusiwa kutumia hadi wati 253, zaidi ya maradufu ya zile wati 115 zilizolalamikiwa mwaka 2004. Katika mwaka 2024 zilizidi kuenea taarifa za mashine zenye vichakataji vya kizazi cha 13 na 14 kukatika ghafla katikati ya kazi. Kampuni ilieleza baadaye kwamba volteji iliyopanda kupita kiasi pamoja na joto vilikuwa vikizeesha mapema saketi inayosambaza mapigo ya saa ndani ya viini. Ikatoa masahihisho ya programu na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Lakini kichakataji kilichokwisha kuathirika hakikuweza kuponywa kwa masahihisho hayo.

Visa hivi viwili si sawa. 14900K hakikuwa dhaifu kwa kila pigo kama ndugu yake wa mwaka 2000. Kinachovifananisha ni shinikizo la kuisukuma idadi inayotangazwa hadi ukomo wa kile ambacho silikoni inaweza kustahimili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Naye mhandisi akisifiwa kwa mapigo, ataongeza mapigo.

8.0 Lugha na mnunuzi

Turejee sasa kwenye neno "kasi". Tunaposema kwamba kichakataji kina "kasi ya gigahezi 3.8", msikilizaji hufahamu kwamba kinamaliza kazi upesi. Kwa kweli tumemwambia tu kwamba saa yake hupiga mara bilioni 3.8 kwa sekunde. Matangazo ya kigeni yalifanya mchanganyo huo kwa makusudi ya kuuza. Sisi tunaufanya kwa kutafsiri bila kuchuja. Mpiga kasia anayepiga maji mara nyingi kwa makafi madogo si lazima afike kabla ya yule anayepiga mara chache kwa nguvu. Mswahili wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili na mhandisi.

Tunapendekeza basi kwamba walimu, waandishi wa vitabu na watafsiri watenge dhana tatu. Ya kwanza ni "mapigo", kwa idadi ya gigahezi. Ya pili ni "kazi kwa pigo", yaani kiasi cha maagizo kinachokamilishwa katika kila pigo. Ya tatu ni "kasi ya kazi", ambayo ni zao la hizo mbili zikizidishwa. Mwanafunzi aliyezoea maneno haya atauliza swali la pili pindi aambiwapo la kwanza.

Swali hilo lina thamani ya fedha. Wengi waliosoma katika shule za Kenya miaka iliyofuata walikutana na Pentium 4 katika mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo, na hadi leo maabara nyingi huanzishwa kwa mashine za namna hiyo. Tuchukue maabara yenye tarakilishi 30. Tofauti kati ya kichakataji cha wati 115 na cha wati 65 ni wati 50. Zikizidishwa kwa 30 zinakuwa wati 1,500, na kwa saa 8 za kazi nzito zinakuwa kilowati-saa 12 kwa siku, bila kuhesabu feni zinazohitajika kukiondolea chumba joto hilo. Mwalimu mkuu aliyechagua mashine za gigahezi 3.8 badala ya zile za 1.86 kwa kufuata "kasi" atakuwa amenunua kazi chache na bili kubwa. Shule inayotegemea jenereta au paneli za jua itauonja uchungu huo kabla ya wengine.

Kwa hivyo anayenunua na azingatie mambo manne: kazi anayokusudia kuifanya; matokeo ya majaribio ya kazi hiyo yaliyofanywa na watu wasio wauzaji; wati zinazotumika; na gharama ya vifaa vinavyoandamana na kichakataji. Idadi ya mapigo ina maana pale tu inapolinganisha vichakataji vya usanifu mmoja.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Pentium 4 hakikuwa chombo kibaya kwa kila hali. Kilifaa katika kazi zenye mtiririko, kilijilinda dhidi ya joto, na kiliacha urithi wa maagizo ya SSE2 na nyuzi mbili katika kiini kimoja. Udhaifu wake, yaani hasara katika njia panda, kazi haba kwa kila pigo, joto na gharama, ulichipuka kwenye shina lile lile lililozaa sifa zake: kipimo kimoja kilichogeuzwa kuwa lengo.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna wajibu unaotuhusu moja kwa moja. Istilahi inayochanganya dhana mbili humwacha msemaji wake bila kinga mbele ya muuzaji, na kuzitenganisha ni kazi yetu kabla ya kuwa ya mhandisi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Lakini ili chema kitambulike, mnunuzi anahitaji maneno ya kukipimia. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina wanachama wanaosoma pia hisabati, fizikia na sayansi ya tarakilishi. Na waketi pamoja na wenzao wa isimu na fasihi, wazichukue istilahi za nyanja hizo moja baada ya nyingine, na kuuliza kuhusu kila moja: je, inasema kile kitu kinachofanya, au inarudia tu kile muuzaji alichosema?